Ndege wa Upande wa Matete

Kitale,
18 Machi 1951

Kwa Shangazi Nekesa,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Nilifika salama ila nguo zilichafuka, kwa sababu lori lilikwama tulipopita Kimilili tukashuka wote kusukuma. Dada Agneta alicheka aliponiona. Alisema, "Baba amenitumia mgeni au amenitumia udongo?" Yeye hajambo, ila tumbo ni kubwa mpaka anakaa kwa kushika ukuta. Mume wake Zachary hajambo pia. Ndiye anayeendesha trekta ya mzungu wa hapa, na nyumba yao iko mwisho wa shamba, juu ya kinamasi. Mama yake Zachary anaishi nao. Ananiita "mwalimu" ingawa sijaanza hata kusomea ualimu, nami sijui kama ni heshima au ni mzaha.

Ulisema nikutumie ndege kwa barua, kwa kuwa wewe hujafika huku. Haya. Wako korongo weupe, wengi, wanaifuata trekta ya Zachary wakiokota panzi katika udongo mpya. Zachary anasema hawaogopi trekta, wanamwogopa yeye akishuka. Na chini kwenye kinamasi nimeona korongo wawili wenye taji. Asubuhi wanaruka na kuinamiana kama watu wanaosalimiana bila kuchoka. Ndani ya nyumba, kwenye boriti juu ya kitanda changu, mbayuwayu wamejenga. Wanaingia kwa upenyo ulio juu ya mlango.

Nitarudi baada ya Pasaka kama tulivyopanga. Tafadhali mwambie Baba asisahau kulipaka rangi lile sanduku langu la shule.

Mimi mtoto wako,
Nekoye

---

Bungoma,
27 Machi 1951

Kwa Nekoye mwanangu,

Barua yako imenikuta jikoni, nikaisoma mikono ikiwa na unga. Hapa sote tunaendelea. Mvua imeshika. Baba yako amepanda mahindi upande wa juu, na sanduku amelipaka rangi ya kijani kwa sababu ndiyo aliyoipata. Usinune. Kijani hakionyeshi uchafu.

Hao korongo weupe watazame sana, maana hawakai. Bibi wa misheni aliyenifundisha kushona aliniambia kwao hutaga juu ya mabomba ya moshi ya nyumba za watu. Nilidhani ananitania. Siku moja utaona shamba lote tupu, wala hawakuaga.

Mimi ninao wanana wangu wa manjano kwenye mti wa nyuma. Mwaka huu dume mmoja amejenga viota vitatu, na jike anavibomoa tu. Nikimtazama namwonea huruma, halafu nafikiri labda jike anajua kitu.

Msaidie dada yako, lakini usichelewe. Shule inafunguliwa Jumatatu ya kwanza ya Juni, na kuna sare ya kupima. Nakungoja.

Shangazi yako,
Nekesa

---

Kitale,
5 Aprili 1951

Kwa Shangazi,

Natumaini mko wazima na mahindi yameota. Huku tuna habari kubwa. Siku ya pili ya Pasaka Agneta alijifungua mapacha, mvulana na msichana. Kama ilivyo desturi hawakutafutiwa majina. Aliyetangulia ni Mukhwana na aliyefuata ni Mulongo. Mukhwana analia sana. Mulongo ananyamaza na kutazama, na Agneta anasema amenifuata mimi.

Sasa kuna jambo lingine. Mama Zachary ameifunga nyumba. Amelaza mti mlangoni na kusema waliokuwa ndani siku ile watabaki ndani: Agneta, watoto, na mimi niliyekuwa nikishika taa. Zachary alikuwa shambani, kwa hiyo yeye yuko nje, analala kwa jirani. Yeye Mama Zachary anaingia na kutoka kwa sababu ndiye mlinzi. Chakula anakileta yeye. Nyuma ya nyumba wamezungusha ua wa matete mpaka chooni, na hapo ndipo tunapopata jua.

Nilimwambia kwa adabu, "Mama, mimi ni mgeni. Nilikuja kwa majuma mawili tu."

Akasema, "Hata hao wawili ni wageni. Unawaona wakilalamika?"

Anasema nyumba inafunguliwa na mtu wa ukoo wetu, upande wa Agneta, mwanamke aliyezaa mapacha mwenyewe. Mtu akitoka kabla ya hapo, mtoto mmoja atamfuata. Shangazi, mimi nimesoma na nimebatizwa, najua mti ni mti. Lakini Agneta alinishika mkono na hakuuachia.

Tafadhali mwambie Baba atafute mtu huyo upesi.

Korongo weupe wameondoka. Sikuona siku walipoondoka.

Nekoye

---

Bungoma,
20 Aprili 1951

Mwanangu Nekoye,

Tumemshukuru Mungu kwa ajili ya dada yako na wale watoto. Baba yako aliwaalika watu kanisani, wakaimba. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na mafua.

Kuhusu nyumba kufungwa, sisi katika ukoo huu tuliyaacha mambo hayo zamani. Lakini nyumba ni ya wakwe, na mgeni hamfundishi mwenyeji pa kuweka chungu. Kuwa mvumilivu, usibishane na yule mama. Kama lazima awepo mtu, yuko bibi mmoja wa ukoo wetu anayeishi karibu na soko la Kimilili, Mama Wekoye. Alizaa mapacha. Zachary anaweza kumfikia kwa baiskeli.

Huku kwarara wanapita angani kila asubuhi wakipiga kelele kama watu waliochelewa gari la moshi. Niambie hao korongo wenye taji kama wameanza kujenga. Wakijenga, watajenga katikati ya maji, mbali na mbwa. Wanalalia mayai kwa zamu, mke na mume.

Sare yako nimeikata kwa kipimo cha mwaka jana. Tutairekebisha ukirudi.

Nekesa

---

Kitale,
1 Mei 1951

Kwa Shangazi,

Pole kwa mafua. Sisi tuko vilevile. Agneta ana maziwa ya kutosha. Mukhwana amenenepa. Mulongo ana kikohozi kidogo, Mama Zachary anampaka mafuta kifuani.

Zachary alikwenda Kimilili Jumapili, akarudi na matope mpaka masikioni. Alisema nasi akiwa nje ya matete, kwa sababu siku hizi anamwona mke wake kama mtu anayechungulia ndege. Anasema Mama Wekoye alifariki wakati wa mavuno ya mwaka jana. Watu wa kule walimwambia kwamba wewe ulikuwa mazishini na ndiye uliyeongoza wimbo. Labda ulisahau, Shangazi. Najua huwa unakwenda mazishi mengi.

Uliuliza habari za korongo. Wamejenga, katikati ya maji kama ulivyosema. Nimepata mahali ambapo matete mawili hayakufungwa vizuri, nami hukaa hapo na mtoto mmoja mgongoni. Mmoja analala juu ya kiota, mwenzake anakula huko mbali. Halafu anarudi, aliyelala anasimama, ananyoosha miguu, anakwenda. Hawachelewi. Ninawangoja wabadilishane kama mtu anayengoja kengele. Mambo mengine sina. Naona kinamasi kipana kama mkeka, na juu yake mbingu kiasi hicho hicho. Mlima siuoni, uko upande wa mlango.

Mbayuwayu wanaendelea kuingia na kutoka. Nilimuuliza Mama Zachary kwa nini hao hawafungwi na walikuwa ndani siku ile. Akasema, "Si wa ukoo." Agneta alicheka mpaka akashika tumbo. Ni mara ya kwanza tangu Pasaka.

Lakini baadaye Mama Zachary aliniuliza, "Kwa nini mnamtafuta mtu mbali? Kwenu yuko."

Nikasema, "Nani?"

Akasema, "Ati nani. Si shangazi yako."

Nikamwambia Shangazi hana watoto. Alinitazama, akaendelea kuchambua mboga. Ndiyo maana nakuuliza wewe. Nisamehe kama nimekosa adabu. Shule inafunguliwa tarehe nne Juni.

Mtoto wako,
Nekoye

---

Bungoma,
14 Mei 1951

Nekoye,

Barua yako nimeipata. Baba yako anawasalimu. Nimetuma kitambaa cha flana, mche wa sabuni, na mafuta ya kafuri ya kupaka kile kifua.

Mvua imeharibu daraja upande wa Webuye, na magari hayapiti vizuri.

Jike wa mnana amekubali kiota cha nne.

Nekesa

---

Kitale,
21 Mei 1951

Kwa Shangazi,

Hatujambo. Flana imefika. Asante.

Leo sina ndege.

Juzi nilivaa viatu vyangu. Mama Zachary alikuwa kisimani na Agneta alikuwa amelala. Nilifunga nguo zangu katika leso nikaenda mlangoni. Ule mti si mzito, Shangazi. Ni kijiti ambacho hata mbuzi angekiruka. Niliinua mguu mmoja. Mulongo akakohoa. Siku zote anakohoa, hata nikiwa nimekaa kitako, na nilijua hivyo, lakini mguu haukushuka upande wa pili.

Nilipogeuka Agneta alikuwa macho. Alisema, "Nenda tu. Mimi sitasema ulikwenda lini."

Nikasema, "Na akizidiwa?"

Akasema, "Basi atazidiwa. Utakuwa mwalimu."

Hakusema kwa ukali. Ndiyo maana nilivua viatu.

Naandika hivi ili ujue kwamba si yule mama anayenizuia. Mama huyo ni mwema, ananiletea muwa. Mtu anayenizuia simfahamu. Ninakaa katika chumba kimoja na ninamngoja mtu ambaye hasemi kama yupo au hayupo. Ukiniambia tu "sitakuja", nitajua. Nitajua kwamba hakuna atakayekuja, nitakaa mpaka watoto watembee, au nitaruka. Lakini usiniandikie habari za daraja. Zachary alisema kijana mmoja wa hapa alitoka Bungoma jana kwa lori.

Nisamehe. Sijawahi kuandika hivi kwa mkubwa wangu.

Nekoye

---

Bungoma,
31 Mei 1951

Nekoye mwanangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Kuku wamezoea kuniona nimekaa.

Hukukosa adabu. Nitakwambia mara moja, na tukionana usiniulize tena.

Kabla wewe hujazaliwa, nilipokuwa nimeolewa kule Mabanga, nilizaa mapacha. Mama mkwe wangu alilaza mti mlangoni kama huo. Mimi nilikuwa msichana wa kwanza wa misheni katika boma lile, na mume wangu alikuwa msomaji wa kanisa. Tukasema sisi hatufungwi na kijiti. Jumapili iliyofuata tuliwabeba watoto, tukauruka ule mti, tukaenda ibadani. Watu walitazama. Nilijivuna, Nekoye, nakumbuka hata kitambaa nilichovaa kichwani.

Mwaka ule surua ilipita. Iliingia nyumba zilizofungwa na zilizo wazi. Kwa jirani ilichukua watatu, na pale hapakuwa na mapacha wala mti. Lakini kwangu ilichukua wote wawili, na hakuna aliyesema surua. Mume wangu naye hakusema surua. Nilirudi kwa baba yako, na tangu siku hiyo sijaingia nyumba yenye mapacha. Nikisikia wamezaliwa mahali, napita njia nyingine. Mama Wekoye ndiye aliyekuwa akienda badala yangu. Alipofariki niliimba kwa nguvu ili watu wasinitazame, na nilipokuandikia jina lake nilijua amekufa. Nilitaka siku chache tu.

Kila barua yako tangu Pasaka imekuja na majina ya wanangu. Huwezi kujua. Mapacha wote wa kwetu wana majina hayo, na nilidhani nimezoea kuyasikia kwa watu wengine. Ulipoandika kwamba Mukhwana analia na Mulongo ananyamaza na kutazama, niliikunja karatasi. Hata wangu walikuwa hivyo.

Siogopi kwamba mti una nguvu. Naogopa nikiingia hapo, na wa Agneta wakifa kama wangu, watu watasema ni mkono wangu. Na nikikaa huku, unaoza wewe. Nimepima haya mawili mpaka nimechoka.

Nitakuja. Usimwambie yule mama siku, kwa sababu mimi mwenyewe siijui. Mwambie Agneta amfunike Mulongo kifua asubuhi.

Shangazi yako,
Nekesa

---

Bungoma,
17 Juni 1951

Kwa Shangazi Nekesa, huko Kitale,

Nakusalimu kutoka mezani kwako. Inashangaza kuandika jina lako kwenye barua inayokwenda upande huo. Kuku wako wote wapo, isipokuwa yule mwekundu amehamia kutagia ndani ya pipa. Baba hajambo. Anauliza utarudi lini. Nimemwambia ulisema utakaa siku mbili, na mimi nilisema majuma mawili, kwa hiyo asikungoje na chakula. Hakucheka.

Asante kwa kuniandikia kwamba kikohozi cha Mulongo kimelainika na kwamba hataki kulala ila kifuani mwako. Mwambie Mukhwana asione wivu.

Kuna jambo sikukwambia siku ile ulipofika. Nilikuona kabla hujabisha. Nilikuwa kwenye upenyo wangu wa matete, nangoja korongo wabadilishane, nikaona mtu amesimama kando ya kinamasi na kikapu. Nilikujua kwa kitambaa cha kichwa. Ulisimama ukitazama kiota kwa muda mrefu. Halafu uligeuka ukarudi njia ya barabarani, na kikapu chako nikakiona kikipotea nyuma ya mahindi. Sikukuita. Niliogopa kwamba nikiita, utakimbia moja kwa moja. Nilijiambia, basi, sasa najua. Nikaingia ndani nikaanza kuosha nepi.

Ndipo tukasikia sauti mlangoni, na Mama Zachary akauliza ni nani. Nilidhani utasema jina lako. Uliposema, "Ni mama yake Mukhwana na Mulongo," Agneta alidhani ni yeye anaitwa, akaitika. Mama Zachary peke yake ndiye aliyeelewa. Sijawahi kumwona akikimbia. Mti uliuinua wewe kwa mkono mmoja, kama kijiti, na wala hukuutazama. Ulikuwa unamtazama mtoto.

Shuleni nilikwenda Jumanne na Baba, na sanduku la kijani. Mwalimu mkuu alitupokea vizuri, lakini kitanda changu amepewa msichana mwingine, kwa sababu walingoja mpaka Ijumaa ya juma la kwanza na mimi nyumba ilifunguliwa Jumamosi. Alisema nijaribu Januari kama atatoka mtu. Baba alimwambia tulikuwa na ugonjwa nyumbani. Sikumrekebisha. Njiani alibeba sanduku begani, na mimi nilimfuata nyuma. Ungekuja siku moja mapema, Shangazi. Silaumu. Lakini umenifundisha kwamba neno lisiposemwa hukaa, kwa hiyo nimelisema.

Sare uliyoishona inanitosha. Nimeikunja.

Niko katika nyumba yako peke yangu, mlango uko wazi mchana kutwa, hakuna aliyenikataza chochote. Hata hivyo jana niligundua nimekaa nyuma ya mlango, karibu na bawaba, nikiwatazama wanana wako kupitia ule ufa mwembamba. Nilikuwa nimekaa hapo tangu asubuhi. Kila kitu kilikuwa pale: mti, viota, jike akiingiza nyasi. Walikuwa karibu mpaka nikaona macho yao mekundu.

Nilijilazimisha. Nilisimama, nikavuka kizingiti, nikatembea mpaka katikati ya uwanja.

Wakaruka wote. Mtini vilibaki viota vitupu vikining'inia. Kule Kitale korongo hawakuwa wakinikimbia, nami nilidhani wamenizoea. Kumbe hawakuwahi kuniona.

Nilisimama hapo mpaka wanana wakaanza kurudi mmoja mmoja. Leo nitasimama tena.

Mtoto wako,
Nekoye